Kalamu za Gusii, Maduka ya Wengine

Anayetafuta jiwe la Kisii kwenye Google kwa Kiingereza ni nadra apelekwe Kisii. Hupelekwa Etsy, Amazon na kwenye maduka ya Marekani na Ulaya, ambako mabakuli, viboko wadogo waliopakwa rangi na seti za chesi zimepangwa kwa bei za dola na pauni. Chini ya picha huwa kuna aya mbili tatu za maelezo: kwamba jiwe huchimbwa kwa mikono katika vilima vya Tabaka, kaunti ya Kisii, huchongwa likiwa bado na unyevu, husuguliwa kwa msasa na maji, na kwamba kusugua na kupamba ni kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na akina mama. Maelezo hayo kwa jumla ni ya kweli. Ndiyo yanayomtuliza mnunuzi wa Ohio hadi akatoa namba ya kadi yake. Ila aliyeyaandika yuko mbali na Tabaka, na tovuti inayompokea mgeni huyo iko mbali vilevile.

Upande wa pili wa kaunti hiyohiyo kuna habari nyingine. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 na intaneti ikaanza kushuka bei, vijana wa miji ya vyuo vikuu, kutoka Juja na Njoro hadi Eldoret na Kisii, wamekuwa wakiandika makala ya Kiingereza kwa ajili ya tovuti za watu wasiowajua. Wameandika kuhusu magodoro, bima ya mbwa, namna ya kupunguza uzani, hata jinsi ya kuondoa theluji juu ya paa, na theluji yenyewe hawajawahi kuiona. Msamiati wao ni "oda" na "akaunti". Akaunti hukodishwa, oda hugawanywa kwa marafiki, na kazi hufanywa usiku kwa sababu mteja wa Marekani ndipo anapoamka.

Eneo moja, basi, lina bidhaa inayoulizwa duniani na lina watu waliokwisha kujifunza jinsi makala yanavyomleta mteja dukani. Viwili hivyo vimekutana kwa nadra mno. Kijana wa Kisii amejua kumuuzia mtu wa Dallas godoro kwa maneno 500, lakini mjomba wake anayechonga Tabaka bado anamngoja broka aje na gari, atazame, ataje bei na kuondoka.

Biashara ya kuuza kwa makala haikuanzia kwenye kompyuta. Kampuni ya John Deere ilianza kuchapisha jarida la wakulima, The Furrow, mwaka 1895. Michelin walitoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari wa Ufaransa mwaka 1900, wakakigawa bure kwa miaka mingi kwa hesabu rahisi: anayesafiri sana humaliza tairi upesi. Mwenye duka anamsaidia msomaji jambo fulani kwanza, halafu anamwonyesha mlango. Intaneti ilileta nyongeza moja kubwa, yaani kiungo. Mfumo wa PageRank, uliobuniwa na Larry Page na Sergey Brin wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1990, ulihesabu kiungo kutoka tovuti moja hadi nyingine kama kura. Makala yakawa na faida mara mbili: msomaji aliweza kubofya na kuingia dukani, na Google nayo ilihesabu kura.

Hapo ulafi ukaingia. EzineArticles, iliyoanzishwa mwaka 1999, na ghala nyingine za aina yake zilipokea makala bure na kumwachia mwandishi kisanduku chini ya ukurasa cha kuweka jina na kiungo chake. Wingi ukapewa thamani kuliko ubora. Oda zilikuja kwa makumi, kila makala maneno 400 au 500, neno la utafutaji lirudiwe mara kadhaa, malipo dola chache. Kulikuwa na programu za kusokota makala, zilizobadilisha maneno kwa visawe hadi makala moja yakazaa mia, mengi yakisomeka kama mtu anayeweweseka. Hakuna aliyejali, kwa kuwa msomaji aliyekusudiwa alikuwa mashine.

Februari 2011 mashine iligeuka. Google ilitangaza badiliko lililokuja kujulikana kama Panda na kusema lingegusa kwa namna inayoonekana asilimia 11.8 ya maswali yanayotafutwa Marekani. EzineArticles ilipoteza sehemu kubwa ya wageni wake. Aprili 2012 likafuata badiliko la Penguin, lililoandama viungo vya kununuliwa na vya kupeana. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka za mtandaoni, akawaambia watu waache kupeleka makala kwenye tovuti za wengine kwa ajili ya kujikusanyia viungo. Waandishi wengi wa Kenya walihamia kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, kazi iliyolipa zaidi na yenye aibu zaidi. Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga marufuku huduma hizo za kuwaandikia wanafunzi mwaka 2022, na Novemba mwaka huohuo ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ikatoka. Oda zilizobaki zikapungua kwa kasi.

Kilichokufa katika miaka hiyo ni ujanja. Makala yanayojibu swali la mnunuzi hayakufa, na kwa bidhaa kama jiwe la Tabaka maswali hayo ni mengi kuliko majibu. Je, bakuli hili linaweza kuwekwa chakula, au ni la pambo tu? Lioshwe vipi? Mbona mawili ya muundo mmoja yana rangi tofauti, moja la waridi, jingine jeupe lenye mishipa ya kijivu? Likianguka linapasuka? Rangi hii ya buluu ni ya jiwe au ya kopo? Mchongaji anaweza kuyajibu yote akiwa amechuchumaa kazini, kisu kikiwa mkononi. Anajua kwamba vyombo vilivyopakwa rangi ni vya pambo, kwamba jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu na kwa hiyo hukwaruzwa, kwamba rangi hutegemea sehemu lilikochimbwa, na kwamba nta ndiyo inayoleta ule mng'aro. Anayeuza kutoka Ohio amelazimika kuyauliza mambo hayo kwa barua pepe. Faida ya Tabaka ni hiyo: ujuzi uko karibu na kalamu. Lakini makala ya kujibu maswali hayo kutoka Tabaka kwenyewe ni haba.

Vikundi vichache vimejaribu. Smolart, kikundi cha wachongaji wa Tabaka, kimejipatia soko kupitia mtandao wa biashara ya haki, ambako hadithi ya mchongaji huuzwa pamoja na kazi ya mikono yake. Mashirika kama Ten Thousand Villages la Amerika Kaskazini, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1946, yalikwisha kuelewa zamani kwamba mnunuzi wa zawadi hulipia simulizi. Mpango huo umewafaa wengi. Hata hivyo, msomaji anayevutwa na simulizi hiyo huwa mgeni wa tovuti ya shirika. Akirudi kununua tena anarudi hukohuko, na anwani yake ya barua pepe inahifadhiwa hukohuko. Mchongaji hupata oda, hapati mteja.

Na simulizi zipo tele. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa Tabaka, ana sanamu ya ndege wa amani, Enyamuchera, katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mtalii anayeiona na kutaka kujua jiwe hilo linatoka wapi atatoa simu na kutafuta. Kumwandikia mtu huyo ukurasa mmoja wenye picha za machimbo, ramani ya njia kutoka mji wa Kisii hadi Tabaka, na namba ya kuagizia, ni kazi ya siku mbili au tatu kwa kijana yeyote aliyewahi kuandika oda za magodoro.

Chai inaonyesha hasara ya kukosa jina kwa namna iliyo wazi zaidi. Nyamira, kaunti jirani ya Kisii katika eneo la Gusii, ina viwanda vya chai vya wakulima wadogo chini ya shirika la KTDA: Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe, Gianchore. Majani yake huenda kwenye mnada wa Mombasa, hununuliwa na kuchanganywa na ya kwingine. Jirani Kericho jina lake liko kwenye pakiti za Kericho Gold zinazouzwa madukani ndani na nje ya Kenya. Mnywaji aliye Dubai amewahi kusikia Kericho. Nyamira, pengine hapana. Hapo makala pekee hayawezi kuokoa, kwa sababu mkulima mdogo hana pakiti ya kumuuzia msomaji. Kuandika juu ya chai ya Kebirigo kabla hakujawa na pakiti ya Kebirigo ni kumpa msomaji hamu na kumwacha nayo.

Ndizi, parachichi na mboga zina sheria nyingine kabisa. Mnunuzi wa ndizi za Kisii haketi akisoma aya kumi. Ni mwenye kibanda Nairobi anayetaka kujua leo mkungu ni bei gani na gari linatoka saa ngapi. Huyo anahitaji simu na picha ya WhatsApp. Makala yanauza pale ambapo mtu anafikiri kabla ya kununua, na shambani fikira hizo ziko kwenye miche. Mkulima wa Suneka au Keroka anayetaka kupanda parachichi la Hass ataishi na uamuzi wake kwa miongo. Anataka kujua mche uliobebeshwa unatambulikaje, umbali kati ya miti, na ni nani atakayenunua tunda. Anayetaka migomba ya tishu anaogopa mnyauko wa bakteria ulioangamiza mashamba ya watu, na anauliza kama mche wa maabara una kinga. Jibu la kweli ni kwamba hutoka maabara ukiwa safi, lakini unaweza kuambukizwa baadaye kwa panga chafu au wadudu wanaotembelea maua. Mwenye kitalu anayeandika hivyo, hata kama jibu hilo linaupunguzia sifa mche wake, ndiye atakayeaminiwa. Wanaoahidi miche isiyougua wamejaa Facebook.

Kenya ina makala yanayouza hata magazetini. Taifa Leo lina kurasa za Akilimali, na gazeti la Jumamosi la Nation lilianzisha Seeds of Gold. Zote huandika habari za wakulima na wajasiriamali kwa majina na maeneo yao. Anayeandikwa humo hupigiwa simu. Lakini anayepiga ni nani? Makala hayo kwa desturi husimulia mafanikio: alianza na kuku watano, sasa ana gari. Msomaji anayevutiwa na simulizi hiyo anataka kuwa kama mhusika. Hataki mayai yake. Anataka vifaranga na ushauri, mara nyingi wa bure. Kware walilifunza taifa zima somo hilo. Katika 2013 na 2014 habari za faida ya mayai ya kware zilisambaa, watu wakakimbilia leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, bei ya ndege ikapanda, kisha soko likaporomoka. Habari zile ziliuza sana. Ziliwauzia wafugaji wapya ndege wa mayai ambayo hakuna aliyekuwa akiyala kwa wingi. Wageni wengi wa ukurasa si dalili ya wanunuzi wengi, na anayeagiza makala aanze kwa kuuliza swali lipi huulizwa na mtu ambaye pesa iko tayari mkononi.

Swali la pili ni mahali makala yanapokaa. Biashara nyingi ndogo za Kisii na Nyamira zinaishi kwenye Facebook, WhatsApp na TikTok, na zina sababu: ni bure, bando ndogo inatosha, wateja wako huko. Tatizo ni kwamba maandishi ya huko hupotea baada ya siku chache na ni vigumu kuyapata kwa kutafuta. Tena mwenye uwanja anaweza kuuza uwanja. Waliojenga sifa zao kwenye OLX, soko la matangazo ya mtandaoni, waliona mwaka 2019 Jiji ikiinunua na matangazo yakihamishwa. Jina la tovuti linaloishia na .co.ke husajiliwa kupitia mawakala wa KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, kwa pesa zisizofika bei ya gunia la makaa, na kurasa tano zilizoandikwa vizuri zinaweza kukaa humo kwa miaka zikijibu watu usiku na mchana. Mitandao ya kijamii ibaki kuwa mlango wa kuitia watu ndani.

Lugha nayo ina hesabu zake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Wengi wao husikia matangazo kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii, kupitia redio ya Egesa FM, huandikiana kwa Kiswahili kilichochanganywa, na hutafuta Google kwa Kiingereza kwa sababu shule iliwazoesha hivyo na kwa sababu majibu ya Kiswahili ni machache. Anayeuza bakuli nje aandike Kiingereza, hana budi. Anayeuza miche kwa mkulima wa Borabu au Nyamache afikirie Kiswahili kwa makini: ushindani ni mdogo, na ukurasa mmoja mzuri kuhusu mnyauko wa migomba una nafasi ya kusimama juu kuliko ule wa Kiingereza unaoshindana na vyuo vikuu. Ekegusii ina soko la pekee ughaibuni. Minnesota kuna jamii kubwa ya Abagusii wanaonunua unga wa wimbi, wanaokumbuka mboga za chinsaga na rinagu, na wanaojenga nyumbani wakiwa mbali. Kichwa cha makala kwa Ekegusii hakitafutwi sana kwenye Google, lakini hutumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na kwa jamii iliyofungamana hivyo njia hiyo inatosha.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa kupima. Mwenye biashara huweka makala, simu zinaita, hajui zimetoka wapi. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. WhatsApp inaruhusu kiungo kinachofungua mazungumzo na ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila makala yanaweza kuwa na ujumbe wake. Anayetoka kwenye ukurasa wa kutunza mabakuli ataingia akisema "Nimesoma kuhusu mabakuli", anayetoka kwenye ule wa seti za chesi ataingia na ujumbe wa chesi. Mwisho wa mwezi muuzaji huhesabu. Tuseme ukurasa mmoja umesomwa na watu 800 kwa mwezi, arobaini wakabofya, wanane wakaandika, wawili wakanunua, na kila ununuzi ukaacha faida ya shilingi 600. Hiyo ni shilingi 1,200. Ikiwa mwandishi alilipwa 1,500, mwezi wa kwanza ni hasara. Miezi sita ukurasa ukiwa hai ni shilingi 7,200, na mwandishi hakulipwa tena. Hesabu hiyo ndiyo inayomshinda muuzaji aliyezoea faida ya siku ya soko la Daraja Mbili, ambapo pesa huonekana kabla jua halijatua.

Jiwe lina kikwazo chake pia, uzito. Mgeni anaweza kusoma, kupenda, kubofya, kisha akaona gharama ya kutuma ni kubwa kuliko bakuli lenyewe, akaondoka. Ndani ya Kenya mabasi ya kwenda Nairobi hubeba vifurushi kwa bei nafuu. Nje ya nchi ndiko mambo huharibika. Makala yanayoficha gharama hiyo hadi mwisho huleta wageni na hasira. Ni afadhali itajwe mapema, tena igeuzwe kuwa sababu ya kuagiza vitu vidogo: vishika mishumaa, mioyo ya kiganjani, wanyama wadogo. Pengine pia makala yamlenge mwenye duka la zawadi anayenunua kwa katoni badala ya mtu mmoja anayetaka bakuli moja.

Halafu kuna akili bandia, ambayo imewatia hofu waandishi wengi wa Kisii na kuwapa wengine uvivu. Google ilianza kuonyesha muhtasari wa akili bandia juu ya matokeo yake Marekani Mei 2024, na maswali mepesi sasa hujibiwa hapohapo bila mtu kubofya. Machi mwaka huohuo ilikuwa imetangaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa ajili ya kupanda kwa hila kwenye matokeo ya utafutaji. Kijana anayemwagiza roboti makala 50 kuhusu jiwe la Kisii anarudia kosa lililozaa Panda, kwa mashine mpya. Roboti haijawahi kusikia mlio wa tindo ikigonga jiwe lenye ufa, wala haijui kwa nini mchongaji fulani hununua jiwe la waridi kwa bei ya juu. Picha za hatua za kazi, bei halisi, vipimo, jina la kikundi na mahali kilipo ndivyo vinavyobaki na thamani. Anayeweka picha azipige mwenyewe, maana picha za Tabaka zimekuwa zikinakiliwa na wauzaji wasiofika huko.

Suala gumu zaidi ni malipo. Kikundi cha wachongaji hakina shilingi za kumlipa mwandishi mapema, na mwandishi aliyezoea kulipwa kwa neno hataki ahadi. Mgao wa mauzo ungewafaa wote wawili: sehemu ya faida ya kila oda inayoingia kwa ujumbe wa makala yake, kwa mwaka mmoja au miwili, kwa maandishi. Utaratibu huo unahitaji daftari lililo wazi na namba moja ya till ya kupokelea malipo ambayo pande zote zinaiona. Wanachama wa KTDA wamezoea kuhesabiwa kilo za majani na kupewa risiti, kwa hiyo wazo la kipimo si geni Gusii. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, ni vyema makubaliano yenyewe yaseme wazi kama mwandishi analipwa kwa maudhui au ni wakala wa mauzo.

Wakati wa kuanza nao si wowote. Seti za Krismasi, zenye Mariamu, Yosefu, mtoto na kondoo, ni kati ya bidhaa za jiwe la Kisii zinazoulizwa sana, na wanunuzi wa jumla wa Ulaya na Marekani huziagiza miezi mingi kabla ya Desemba kwa sababu ya safari ya meli kutoka Mombasa. Ukurasa mpya nao huchukua miezi kabla haujapanda kwenye matokeo ya utafutaji. Makala ya Krismasi, kwa hesabu hiyo, yanapaswa kuwa tayari mtandaoni kufikia Machi au Aprili. Anayeyaweka Novemba anawaandikia wateja wa mwaka ujao, na ni lazima akumbuke kurudi kubadilisha bei.